Kiswahili Ndani ya Michezo ya Video: Nani Amekihakiki?

Utangulizi

Wanachama wenzetu na walimu wetu, wengi wanaopita Silver Spring hawajui kwamba jimbo hili la Maryland ni mojawapo ya makao makongwe ya michezo ya video, au magemu kama tunavyoyaita barazani. Kampuni ya MicroProse ilianzishwa humu mwaka 1982 na Sid Meier na Bill Stealey, na mwaka 1991 ikatoa mchezo wa Civilization kutoka Hunt Valley, kaskazini mwa Baltimore. Bethesda Softworks ilianza mwaka 1986 katika mji wa Bethesda, kisha mwaka 1990 ikahamia Rockville. Bethesda, Rockville na Silver Spring zote zimo katika kaunti moja ya Montgomery. Ukipanda treni ya Red Line hapa kwetu, utaingia Washington, utatokea upande wa pili, na utafika Rockville bila kubadili treni.

Ujirani huo ndio uliotusukuma kufuatilia historia ambayo wanachama wengi wanaijua vipandevipande tu. Kwa zaidi ya miaka ishirini Kiswahili kimekuwamo ndani ya michezo mikubwa ya dunia. Kimeimbwa, kimeandikwa katika majina ya mitaa, kimewekwa vinywani mwa maadui. Michezo hiyo ilihakikiwa na magazeti na majarida mengi, ikapewa alama na tuzo. Je, lugha yetu nayo ilihakikiwa? Hoja yetu ni kwamba kwa sehemu kubwa haikuhakikiwa. Wahakiki walipima picha, mapigano, muziki na hadithi, lakini maneno ya Kiswahili waliyapokea kama mlio wa ngoma ya mbali. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Hapa tunapita mchezo kwa mchezo, kuanzia 1991 hadi sasa, tuone nini kilipotea kwa sababu hiyo.

Wimbo mlangoni, wenyewe nje

Civilization ni mchezo wa mkakati. Mchezaji anashika taifa moja tangu enzi za kale, anajenga miji, anavumbua maandishi na baruti, anapigana na jirani au kupatana naye. Toleo la 1991 lilikuwa na mataifa 14, na kutoka Afrika yalikuwamo mawili tu: Misri na Wazulu. Afrika Mashariki ilikuwa ardhi ya kwenda kujigawia.

Mwaka 1996 Meier, Jeff Briggs na Brian Reynolds walianzisha Firaxis, pia huko Hunt Valley. Firaxis ndiyo iliyotoa Civilization IV mnamo Oktoba 2005. Mchezaji alipoufungua tu, alikaribishwa na wimbo wa Baba Yetu, yaani Sala ya Bwana kwa Kiswahili, uliotungwa na Christopher Tin. Tin alikuwa amekaa chumba kimoja cha bweni na Soren Johnson, mbunifu mkuu wa mchezo huo, walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, na kikundi cha waimbaji cha Talisman cha chuo hichohicho ndicho kilichourekodi. Wahakiki waliusifu sana. Tarehe 13 Februari 2011, baada ya Tin kuurekodi upya na Soweto Gospel Choir katika albamu yake ya Calling All Dawns, ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy.

Hatuna neno na wimbo wenyewe. Ni mzuri, na wengi wetu tumewahi kuusikia ukiimbwa na kwaya za vyuo vya Marekani zisizo na Mswahili hata mmoja. Lakini tazameni ndani ya nyumba ambayo wimbo huo ulikuwa mlangoni mwake. Civilization IV ilipotoka ilikuwa na Misri na Mali ya Mansa Musa. Wazulu waliongezwa mwaka 2006, Ethiopia mwaka 2007. Miji ya Waswahili haikupewa nafasi ya kuwa taifa la kuchezwa. Lugha ilikaribisha wageni, wenye lugha wakabaki uani. Uhakiki wa wakati ule tuliousoma unataja uzuri wa sauti na ukubwa wa hisia. Hatukukuta aliyeuliza kwa nini sala ya Kikristo ya Kiswahili ifungue historia ya dunia ambamo pwani ya Waswahili haimo. Mhakiki mwenye lugha angeuliza hilo kabla wimbo haujamalizika.

Mombasa ya mwaka 2552

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Novemba 2004, Bungie ilitoa Halo 2, mchezo wa kupiga risasi ambao mchezaji anaona vita kwa macho ya mpiganaji mwenyewe. Sehemu ya vita hivyo inapiganwa Mombasa ya Kale na Mombasa Mpya, mwaka 2552. Kati ya viwanja vya kushindania wachezaji wengi kwa pamoja, kimoja kinaitwa Zanzibar. Kisha Septemba 2009 ikaja Halo 3: ODST, ambayo karibu yote inatembea katika mitaa ya Mombasa Mpya, usiku, chini ya mvua, huku mji ukiwa umehamwa.

Majina ya hatua za mchezo huo yangemfanya mtu wa Mombasa asimame kidogo: Tayari Plaza, Kizingo Boulevard, Kikowani Station. Kizingo na Kikowani si ya kubuni. Ni sehemu za Mombasa hadi leo. Mtu fulani katika studio alifungua ramani. Lakini familia ambayo tunasikia mkasa wake katika rekodi za sauti zilizotapakaa mjini inaitwa Endesha. Sadie Endesha na baba yake, Daktari Daniel Endesha, wamepewa jina ambalo kwetu ni amri ya kumwambia dereva. Ni kama mzungu katika riwaya yetu angeitwa Bwana Kanyaga Mafuta.

Linganisheni na mchezo wa jirani zetu wa Rockville. Bethesda ilitoa Fallout 3 Oktoba 2008, ikaionyesha Washington iliyoteketezwa kwa mabomu ya nyuklia. Takoma Park, mji tunaopakana nao hapa Silver Spring, imo. Vituo vya treni vimo. Mkazi wa hapa akiucheza anaweza kusema papo hapo hiki kimekaa mahali pake na kile hakipo, na maneno yake yatasikika, kwa sababu wahakiki wengi wa Kimarekani wanaijua Washington au wanamjua anayeijua. Mkazi wa Kizingo hakupewa kiti hicho. Mji wake ulihakikiwa kama mandhari: taa nzuri, mvua nzuri, muziki wa saksafoni mzuri. Kwamba katika mji huo wa Afrika Mashariki mchezaji anafuatana hasa na wanajeshi waliotoka mbali, huku wenyeji wakisikika zaidi kuliko wanavyoonekana, hilo lilipita kama kivuli.

Majini wa Kijuju

Mfano mzito kuliko yote ni Resident Evil 5 ya kampuni ya Kijapani ya Capcom, mchezo wa kutisha uliotoka Machi 2009. Askari Mmarekani, Chris Redfield, anafika Kijuju, mahali pa kubuni Afrika Magharibi, na kuwapiga risasi wanakijiji walioambukizwa vimelea. Kionjo chake kilipoonyeshwa mwaka 2007 kiliwasha mjadala, na mwaka 2008 N'Gai Croal, aliyekuwa mwandishi wa michezo wa jarida la Newsweek, alieleza wazi jinsi picha hizo zilivyobeba historia ndefu ya kumchora Mwafrika kama kitisho. Mjadala ule ulikuwa wa haki na wa lazima, na bila yeye huenda usingefika mbali.

Hata hivyo mjadala ulisimama kwenye picha. Masikioni kulikuwa na jambo jingine: wanakijiji wale wa Afrika Magharibi wanapiga kelele kwa Kiswahili. Jina lao ni Majini, na mchezo unaeleza kuwa maana yake ni pepo wabaya. Mtoto wa pwani anajua kwamba majini si wote wabaya. Wapo wanaoogopwa, wapo wanaoheshimiwa, na wapo wanaosemekana kuswali. Mdudu arukaye na kushambulia anaitwa Kipepeo. Jitu la mfano wa popo linaitwa Popokarimu, nasi tunasikia popo mwenye ukarimu. Kimelea kingine ni Bui Kichwa, kana kwamba mtu alichukua kamusi, akakata neno buibui katikati na kuligandisha na jirani yake.

Haya yanachekesha, lakini yana uzito. Kwa mamilioni ya vijana duniani, sauti ya kwanza ya Kiswahili baada ya "hakuna matata" ilikuwa sauti ya mtu anayekimbia na panga, na kazi ya mchezaji ilikuwa kumnyamazisha. Aliyeelewa maneno yale alijikuta pande zote mbili za bunduki. Uzoefu huo, ambao ni wa Waswahili peke yao, haukuingia katika alama za mhakiki yeyote tuliyemsoma.

Kilwa bila Wakilwa

Civilization VI ilitoka mwaka 2016, na nyongeza yake iitwayo Rise and Fall ikaja Februari 2018. Humo pwani yetu hatimaye inaonekana. Zanzibar ni dola-mji: ukiwa mlezi wake, unapata mdalasini na karafuu, bidhaa ambazo hazipatikani kwa njia nyingine katika mchezo. Kilwa Kisiwani ni mojawapo ya maajabu ya dunia, nalo humwongezea mjenzi wake wajumbe na faida kutoka kwa dola-miji.

Hapa mwanafunzi wa historia ana kazi. Ajabu hilo linaweza kujengwa na yeyote: Roma, Japani, Brazil. Kilwa inakuwa jengo, si watu. Kilwa iliyotembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, iliyopiga sarafu zake na kufaidi dhahabu ya Sofala, iliyovamiwa na Wareno mwaka 1505, imekuwa zawadi ya kuchukuliwa na wa kwanza kufika. Vivyo hivyo karafuu za Zanzibar hazikuota kwa asili ya kisiwa. Zililetwa mwanzoni mwa karne ya 19, zikaenea chini ya Sayyid Said, na zilichumwa na watumwa. Katika mchezo zinaleta furaha kwa raia, basi. Hatusemi kila mchezo uwe kitabu cha historia. Tunasema mhakiki anayejua atofautishe kilichorahisishwa na kilichofutwa.

Civilization VII ya Februari 2025 imeiweka Buganda kuwa dola kamili ya kuchezwa, pamoja na Muzibu Azaala Mpanga, kaburi la makabaka la Kasubi lililoungua mwaka 2010. Wahakiki waligawanyika kuhusu utaratibu wake wa kumfanya mchezaji abadili dola kila enzi. Buganda yenyewe ilizungumzwa kidogo.

Zau anasema Kiswahili

Aprili 2024 ilileta jambo jipya. Tales of Kenzera: Zau, ya Surgent Studios ya Uingereza, ni mchezo wa kuruka, kupigana na kurudia njia ulizokwisha kupita kila unapopata uwezo mpya. Muasisi wa studio hiyo ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeutengeneza kutokana na msiba wa baba yake. Zau, mganga kijana, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: amletee roho tatu kubwa, naye amrudishie Baba. Mchezo unaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili mwanzo hadi mwisho.

Wahakiki walisifu rangi, muziki wa Nainita Desai na namna huzuni ilivyosimuliwa. Wengi walilalamika kuwa mapigano yanajirudia. Mwaka huohuo studio ilipunguza wafanyakazi. Mwaka 2025 mchezo ukapata tuzo ya BAFTA ya mchezo wenye maana zaidi ya burudani.

Sisi tunaongeza mawili. Kwanza, mchezo unatajwa kuwa wa ngano za Kibantu, lakini kati ya roho zake tatu, Impundulu ndiye wa Wabantu wa kusini. GaGorib ametoka kwa Wakhoikhoi na Kikiyaon kwa Afrika Magharibi. Pili, tahakiki nyingi tulizosoma zilitokana na kuucheza kwa Kiingereza. Kiswahili kilitajwa kuwa jambo la kupongezwa, hakikusikilizwa. Je, mazungumzo ya Zau na Kalunga yanakwenda kama ya kijana na mzee wa kwetu? Baba anaposemeshwa, heshima imo? Maswali hayo bado yapo mezani.

Hitimisho

Historia hii ina mwendo: kutoka kutokuwamo, kwenda kuwa wimbo, kuwa kibao cha mtaa, kuwa kelele za adui, kuwa jengo, na hatimaye kuwa lugha ya mhusika mkuu. Watengenezaji wamesogea. Uhakiki umebaki nyuma, na pengo hilo Rockville na Hunt Valley hawawezi kutuzibia.

Wala hatukosi maneno. Bao, lenye mashimo 32 na kete 64, limetufundisha kunamua, kutakata, kulinda nyumba na kuhesabu mtaji. Watangazaji wa mpira wametupa mengine. Tunapendekeza chama kifungue ukurasa wa uhakiki wa michezo ya video katika toleo lijalo, uanze na Zau aliyechezwa kwa Kiswahili. Mhakiki ajibu mambo matatu: mchezo unachezekaje, unasema nini kuhusu watu uliowachora, na Kiswahili chake kina afya gani. Wanaoishi Silver Spring na vitongoji vyake tunaweza kukutana kuucheza pamoja. Walimu wetu watusahihishe sarufi. Kete tutazisukuma wenyewe.