Mvi: taji ao haya? Historia ya nywele nyeupe kwetu

Siku hizi, katika soko za Lubumbashi, Likasi ao Bukavu, rangi nyeusi ya nywele inauzwa pembeni ya sabuni na mafuta ya kujipakaa. Wenye kuinunua si vijana. Ni baba na mama waliopita miaka 45 ao 50, watu wenye wajukuu, watu ambao kila siku mtaani wanaitwa "muzee" na "mama mukubwa". Jina la uzee wanalipokea kwa furaha, lakini alama yake wanaificha. Ni jambo la kushangaza kidogo, na linastahili tuliangalie kwa njia ya historia, sababu mtu haanzi kuona haya juu ya kichwa chake mwenyewe bila kisa.

1. Neno lenyewe ni la zamani

Tuanze na neno. Kwa Kiswahili tunasema mvi. Wabemba wanasema imfwi. Wanyarwanda na Warundi wanasema imvi, na vilevile Wachewa wa Malawi na Zambia. Wazulu, kule mbali Afrika ya Kusini, wanasema izimvi. Watu walio mbali hivi hawakukopeshana neno sokoni. Wamelirithi kutoka kwa lugha moja ya mababu, ile ambayo wenye elimu ya lugha wanaita lugha mama ya Kibantu. Watu wa lugha hiyo walianza kusambaa kutoka upande wa Kameruni na Nijeria zaidi ya miaka 3.000 iliyopita. Falme nyingi zimezaliwa na kufa tangu wakati ule, lakini neno la mvi lingali katika kinywa chetu.

Na mvi zinatoka wapi? Ndani ya mzizi wa kila unywele kuna chembe ndogo zinazotengeneza rangi, ile inayoitwa melanini. Chembe hizo zikichoka na kupunguka, unywele unamea bila rangi. Kwa wazungu hali hiyo mara nyingi inaanza katikati ya miaka ya 30, na kwetu watu weusi katikati ya miaka ya 40. Lakini kuna jamaa ambazo mvi zinatokea mapema, ni urithi tu. Kukosa vitamini B12 kunaweza pia kuzileta mbio. Basi kijana wa miaka 28 mwenye mvi hakulaaniwa na mtu, tena hakurogwa.

2. Kichwa kilikuwa sawa vile barua

Zamani kwetu, nywele zilikuwa zinasomwa. Mwaka 1874, Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika katika inchi ya Waluba, kwenye makao ya mfalme Kasongo Kalombo. Katika kitabu chake cha 1877 aliandika na kuchora namna watu walivyotengeneza nywele. Alishangaa sana. Misuko mingine iliomba saa nyingi za kazi, na mtu aliilinda kwa wiki nyingi. Ndiyo maana Waluba walichonga mito ya mbao ya kulalia, kusudi nywele zisiharibike usiku. Mito hiyo leo iko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na kuna fundi mmoja wa zamani, jina lake limepotea, anayejulikana kule kwa ajili ya namna alivyochonga nywele zinazoshuka sawa vile maporomoko ya maji.

Mtu akikuangalia kichwa alijua wewe ni nani. Katika makabila yetu mengi mjane alinyolewa, na nywele zikiota tena, matanga yalikuwa yanaelekea mwisho. Rangi pia zilikuwapo, tusidanganyane. Mababu walijipakaa mafuta na unga mwekundu wa mti wa nkula. Walitumia pia mpemba, ule udongo mweupe, ambao kwa Waluba ni alama ya usafi, ya baraka na ya roho za waliotangulia. Lakini rangi hizo zilikuwa za kuonyesha kitu. Hazikuwa za kuficha umri. Na tazama: nyeupe ilikuwa rangi ya wakubwa wasioonekana. Mzee mwenye kichwa cheupe alikuwa amekwisha kuanza kufanana nao.

Kwa Walega wa Kivu na Maniema jambo hili liko wazi zaidi. Katika bwami, ule ushirika wa kufundisha mwenendo mwema, watu walipanda daraja kwa daraja, wanaume mpaka kindi, na wake zao mpaka kanyamwa. Kati ya vyombo vya bwami kuna kinyago kidogo cha mbao kinachoitwa lukwakongo. Kinapakwa udongo mweupe usoni, na chini ya kidevu kinafungwa ndevu ndefu za nyuzi. Ndevu hizo ni alama ya mzee, mtu aliyeishi na kujifunza. Mwenye kinyago anaweza kukishika mkononi ao kukivaa mahali pengine pa mwili, na akifa kinapitia kwa mwingine. Fundisho lake tunaweza kulisema hivi: mtu mmoja anazeeka na kuondoka, lakini uzee wenyewe ni mali ya ukoo.

3. Namna uzee ulivyopoteza kiti chake

Ni wakati gani tulianza kugeuka? Hakuna siku moja. Lakini kuna tarehe zinazotuonyesha njia.

Tarehe 20 Desemba 1891, huko Bunkeya, mfalme Msiri wa Wayeke alipigwa risasi na kapiteni Bodson, mmoja wa watu wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold II. Msiri alikuwa mzee aliyetawala miaka mingi. Stairs, mkubwa wa msafara, alikuwa na miaka 28. Kwa desturi zetu kijana wa umri huo angekaa chini na kusikiliza. Siku ile bunduki ilisema kwa niaba yake. Tangu hapo mamlaka haikutoka tena kwa miaka ambayo mtu ameishi, ilitoka kwa silaha, halafu kwa karatasi, halafu kwa franka.

Wakati wa ukoloni, chifu alipata nguvu kwa medali ya Leta. Kijana aliyejua kusoma na kuandika alipata mshahara kuliko baba yake. Na mtumishi wa nyumbani kwa mzungu aliitwa "boyi", maana yake kijana mdogo, hata kama alikuwa na mvi na wajukuu. Neno hilo lilikaa katika masikio ya wazee wetu wa Elisabethville miaka mingi. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikapiga marufuku bwami, ikisema ni ushirika wa hatari. Shule ile ambayo uzee ulikuwa daraja lake la juu ikafungwa kwa sheria, ingawa Walega waliendelea kwa siri.

Kisha ikaja authenticité. Mwaka 1971 inchi ikaitwa Zaire, mwaka 1972 tukabadilisha majina. Suti na tai zikakatazwa, abakosti ikachukua fasi yake, na wanawake wakaambiwa waache suruali na peruki, wavae liputa. Mpaka tarehe 24 Aprili 1990, wakati vyama vingi vilikubaliwa, tai ilikuwa kitu cha kufichwa. Siasa hiyo ilisema mengi juu ya mababu. Lakini kurudisha nguo na majina ni rahisi kuliko kurudisha heshima ya mzee. Heshima ya mzee inaomba pensheni, inaomba dawa, inaomba mtu wa kukaa naye na kumsikiliza.

Neno "mzee" lenyewe halikufa. Laurent-Désiré Kabila alipoingia Kinshasa mwezi wa Mei 1997, watu wote walimwita Mzee, na alikuwa na miaka 57 tu. Jina likabaki la heshima. Wakati huohuo, mzee wa kweli, yule wa mtaani, alikuwa anaanguka.

Hapa Katanga tunajua vizuri. Kati ya 2003 na 2004, Gécamines, kwa msaada wa Banque Mondiale, iliondoa wafanyakazi zaidi ya 10.000 katika ile Opération Départs Volontaires. Walioitwa ni wale wa miaka 25 ya kazi na zaidi. Ni kusema, wenye mvi. Mishahara yao ilikuwa imechelewa miezi mingi, basi wengi walipokea kile walichopewa. Pale pale, nyuma ya Code minier ya 2002, makampuni mapya yalikuwa yanafika. Baba wa miaka 50 aliyetaka kuanza tena alijikuta katika mstari mmoja na vijana wa miaka 25. Katika mstari ule, mvi haikusema tena "huyu anajua kazi". Ilisema "huyu amechoka".

Tukisahau hiyo, tutawacheka bure wanaopaka rangi.

4. Rangi ya kikopo

Rangi yenyewe ina historia fupi. Katika karne ya 19 wanakemia wa Ulaya waligundua kitu kinachoitwa parafenilenediamini, kinachotia nywele weusi wa kudumu. Mwaka 1907, Paris, Mfaransa Eugène Schueller akatengeneza rangi ya nywele ya kuuza kwa watengeneza nywele, na mwaka 1909 akaanzisha kampuni ambayo baadaye iliitwa L'Oréal. Biashara hiyo ilikua kwa kuuza wazo moja: ya kama uzee ni uchafu, na uchafu unaoshwa.

Si kusema ya kama watu wote waliopaka rangi walifuata wazungu. Waislamu wetu wa Kasongo na Maniema wanajua hina tangu wakati wa misafara ya pwani. Katika mapokeo ya Kiislamu, mzee Abu Quhafa, baba wa Abu Bakr, alipoletwa na kichwa cheupe kabisa wakati wa kutekwa kwa Maka mwaka 630, Mtume alisema wabadilishe weupe ule lakini waepuke weusi. Wanazuoni wengi wameelewa hivi: kujipamba kunaruhusiwa, kudanganya umri hapana. Nayo Biblia, katika Mithali 16:31, inalinganisha mvi na taji, na Mambo ya Walawi 19:32 inaagiza mtu asimame mbele ya mwenye mvi. Dini mbili na mababu, wote wanakutana hapa.

Kwa upande wa afya, mwenye kupaka ajue hili: parafenilenediamini inaweza kuleta mzio mkali, macho na uso vikavimba, hata kama mara za kwanza hakuna kitu kilichotokea. Kujaribu tone kidogo nyuma ya sikio, saa 48 mbele ya kupaka, si kupoteza wakati.

5. Mvi inapokuwa hatari

Kuna sababu nyingine ya kuficha mvi, na hiyo tunaizungumza kwa sauti ndogo. Kwa watu wengine, kichwa cheupe cha mwanamke kimekuwa ushahidi wa uchawi. Mwaka 2021, katika Sud-Kivu, upande wa Kabare, Kalehe na Walungu, wanawake wazee walishitakiwa na wale wanaojiita manabii, na kuna waliouawa na makundi ya watu, wengine kwa moto. Hawakuhukumiwa na mahakama yoyote. Kosa lao lilikuwa nini? Wameishi wakati watoto wa jirani wamekufa. Wengi ni wajane, hawana mtu wa kuwatetea.

Hili si mila. Wanaosema "ni mila yetu" wanawatukana mababu. Zamani mashitaka ya uchawi yalikuwapo, ni kweli, lakini yalipita mbele ya wakubwa wa ukoo, na mzee alikuwa na kiti katika baraza lile. Leo kijana wa miaka 20 anawasha moto, na baraza haliko. Kati ya watu 100 wa inchi yetu, wenye miaka 65 na zaidi ni karibu 3 tu. Kufikia mvi katika Congo, baada ya vita na magonjwa yote haya, ni kitu cha kushangilia. Sisi tunakifanya kuwa kosa.

6. Basi, tufanye nini?

Hatuandiki haya kusudi tuhukumu mama anayepaka rangi kwa ajili ya arusi ya mtoto wake, ao baba anayepaka kusudi apate kazi. Kila mtu na kichwa chake. Vilevile mvi peke yake si akili: kuna wazee waliouza mashamba ya ukoo, na bazee benyewe banasema mvi inaota hata kwa kichwa cha mupumbafu.

Lakini yule anayetaka kuacha nywele zake zilivyo, asisikie haya. Na kuziacha kutakuwa rahisi siku ile ambapo mvi haitamnyima mtu kazi, wala kumletea mawe mlangoni. Hiyo ni kazi yetu sote. Mwenye kampuni aulize mtu anajua nini, asiangalie rangi ya kichwa. Mchungaji akatae nabii anayetaja majina ya bibi za watu. Na chama chetu kiendelee na desturi ya kuketisha wazee na kuandika wanayokumbuka, kila mmoja kwa lugha yake, mbele hawajaondoka.

Tunasema: penye wazee hapaharibiki neno. Methali hiyo ina sharti moja ambalo tunasahau. Ni lazima wazee wawepo, na waonekane.