Mizani na Mtungi: Historia ya Vifaa vya Kupiga Mbizi Katika Safari za Ndege

Kanuni za mizigo ya abiria wa ndege zilitokana kwanza na udhaifu wa injini. Katika miaka ya 1920 na 1930 ndege za abiria zilikuwa na nguvu ndogo kiasi kwamba kila kilo ya mzigo ilipunguza mafuta au nafasi ya msafiri mwingine, na kwa hiyo mizani ilikuwa chombo cha usalama kabla haijawa chombo cha biashara. Mkataba wa Warsaw wa 1929 ulitaka hati ya mzigo ionyeshe idadi na uzito wa vifurushi, ukaweka pia ukomo wa fidia ya mzigo uliokabidhiwa, yaani ule ambao abiria humwachia msafirishaji, kuwa faranga 250 za kipimo cha dhahabu kwa kila kilo. Shirika la Imperial Airways, ambalo mwaka 1937 ndege zake za kutua majini zilianza kupitia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban, liliwapima hata abiria wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia desturi iliyoenea ilikuwa kilo 20 kwa abiria wa daraja la kawaida na kilo 30 kwa wa daraja la kwanza.

Ndani ya mipaka hiyo ndimo ulimoingia mchezo mpya wa baharini. Mwaka 1943, Ufaransa ikiwa chini ya ukaliaji wa Wajerumani, afisa wa jeshi la majini Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walibuni regyuleta, kifaa kinachompa mpiga mbizi hewa kila anapovuta pumzi, kwa mgandamizo unaolingana na ule wa maji yanayomzunguka. Gagnan aliitoa kwenye vali aliyokwisha kuitengeneza kwa ajili ya magari yaliyoendeshwa kwa gesi kutokana na uhaba wa petroli. Kifaa chenyewe kilikuwa chepesi. Kilichokuwa kizito ni mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, ambao bila huo regyuleta haina kazi, pamoja na mkanda wa vipande vya risasi unaomsaidia mpiga mbizi kuzama.

Hesabu ya mtungi ndiyo kiini cha historia hii. Mtungi wa alumini wa lita 11 hivi, ulio maarufu zaidi katika vituo vya watalii, hukaribia kilo 14 ukiwa mtupu, na abiria wa kilo 20 akiuchukua hubakiwa na kilo sita za nguo, mapezi, miwani na vazi la mpira. Kwa hiyo ilieleweka mapema, bila kuandikwa katika sheria yoyote, kwamba mtungi na risasi vingemsubiri mpiga mbizi ufukweni, na kwamba huko ufukweni lazima awepo mtu mwenye kompresa, yaani mtambo wa kushindilia hewa, mwenye mitungi ya kutosha na ujuzi wa kuikagua. Kituo cha kupiga mbizi, ambacho leo hukutwa Nungwi, Watamu na Diani kama kinavyokutwa katika Bahari ya Shamu, kina sababu nyingi za kuwapo, lakini ni haki kusema kwamba mizani ya uwanja wa ndege ni mojawapo ya waanzilishi wake. Mahali ambapo ndege ni ndogo, athari hiyo ni kali zaidi: kisiwa cha Mafia, ambacho hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, hufikiwa na wageni wengi kwa ndege ndogo ambazo mara nyingi huruhusu kilo 15 tu, tena katika mabegi laini yanayokubali kubanwa kwenye nafasi finyu.

Uzito ulikuwa tatizo la mwanzo, hatari ilifuata. Mwaka 1956 Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga (IATA) kilitoa kanuni zake za kwanza kuhusu shehena zenye vikwazo. Novemba 1973 ndege ya mizigo ya Pan American ilianguka Boston baada ya asidi iliyofungashwa vibaya kuvuja na kuijaza moshi, wafanyakazi wake wote watatu wakafa, na ajali hiyo ni miongoni mwa matukio yaliyosukuma mataifa kupitisha, mwaka 1981, Kiambatisho cha 18 cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga wa kimataifa, kinachosimamia bidhaa za hatari angani. Mtungi uliojaa, wenye mgandamizo wa baa 200 hivi, hauna nafasi katika mzigo wa abiria chini ya kanuni hizo, na nchini Marekani wakaguzi hudai hata vali ya mtungi mtupu iondolewe ili ndani mwake paonekane.

Kisha ikaja tozo. Mashirika ya nauli nafuu ya Ulaya yalianza kutoza mabegi mwaka 2006, na American Airlines ikafuata mwaka 2008 kwa dola 15 kwa begi la kwanza, jambo lililowahimiza watengenezaji kuuza mapezi mafupi na maboya ya kuvaa yaliyopunguzwa uzito kwa ajili ya wasafiri.

Mvutano wa sasa uko kwenye taa. Taa ya chini ya maji hupozwa na maji yenyewe, na ikiwaka kwa bahati mbaya ndani ya begi huweza kupata joto la kuunguza nguo. Ndiyo maana kanuni za kimataifa huitaja kwa jina miongoni mwa vifaa vinavyotoa joto, zikitaka betri itengwe na taa au kitu kingine muhimu kiondolewe, kwa idhini ya shirika la ndege. Betri za akiba za lithiamu lazima ziende katika mzigo wa mkononi, ambako moto ukizuka wahudumu wanaweza kuufikia, na zile zinazozidi saa-wati 100, zinazotumika katika baadhi ya taa kubwa za wapiga picha, huhitaji idhini hadi kufikia ukomo wa saa-wati 160.