Mfuko wa Kulalia na Adui Wake Unyevu

Mwanadamu alalapo nje katika nchi ya theluji hana moto mwingine usiku kucha ila ule ulio mwilini mwake, na kazi yote ya mfuko wa kulalia ni kuuhifadhi moto huo usimtoroke. Sufu, ngozi, manyoya ya ndege na nyuzi za viwandani havizalishi joto hata chembe. Vifanyalo ni kuizuia hewa katika vijumba vidogo visivyohesabika, ikatulia humo, na hewa iliyotulia haipitishi joto ila kwa shida. Lakini maji yakishika mahali pa hewa, joto hupata njia ya kutokea. Na atakayeitazama kwa makini tarikhi ya mfuko huu, tangu karne ya 19 hata zama zetu, ataona dhahiri kwamba mafundi walijiandaa kupigana na baridi, ilhali adui aliyewashinda mara kwa mara alikuwa unyevu.

Waanzilishi waliujua unyevu wa ardhi na wa mvua tu. Mwaka 1861 Mwingereza Francis Fox Tuckett, mpanda milima wa Alps, alijaribu mfuko wa blanketi uliotiwa kitambaa cha mpira upande wa chini, ili umande wa mwamba usimfikie. Mwaka 1876 Pryce Pryce-Jones, mfanyabiashara wa sufu wa mji wa Newtown huko Wales, alijipatia hati ya haki ya blanketi lake la kujikunja na kujifunga ndani, lenye mfuko wa kutilia mto wa mpira wa kujazwa pumzi. Jeshi la Urusi likaagiza mablanketi 60,000 kwa vita vya Plevna. Na mwandishi Robert Louis Stevenson, aliposafiri na punda wake katika milima ya Cévennes nchini Ufaransa mwaka 1878, alishonewa gunia la turubai la kijani lisilopenya maji, na ndani yake manyoya ya kondoo ya rangi ya buluu. Usiku likawa kitanda chake, mchana likawa mkoba wa mizigo yake. Wote hao walifanya hadhari na maji ya nje, na katika nchi za baridi ya wastani hadhari hiyo iliwatosha.

Walipoelekea kwenye ncha za dunia, elimu ya blanketi ikafika ukomo, ikawabidi wajifunze kwa wenyeji wa kaskazini. Fridtjof Nansen wa Norway, alipoivuka Greenland mwaka 1888 na wenzake watano, wawili miongoni mwao Wasami, yaani wenyeji hao wa kaskazini, alichukua mifuko miwili ya ngozi ya rendia, kila mmoja wa watu watatu, ili joto la mmoja limfae mwenziwe. Rendia ni mnyama jamii ya kulungu, na unywele wake una vyumba vya hewa ndani kwa ndani, hata ngozi yake humhifadhi mtu kuliko ngozi nyingi nyingine. Ila ngozi hiyo ikirowa na kukaa na maji, manyoya hunyonyoka.

Hakuna kisa kiwezacho kushuhudia ushindi wa unyevu kuliko safari ya mwaka 1911 huko Antaktika, pale Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard walipokwenda katika giza la majira ya baridi kutafuta mayai ya pengwini, na baridi ikapita nyuzi 60 za Selsiasi chini ya sifuri. Jasho na pumzi zao, badala ya kutoka nje, ziliganda mumo humo ndani ya mifuko yao ya rendia, usiku baada ya usiku. Mfuko wa Cherry-Garrard uliokuwa na uzito wa ratili 18 walipoondoka, ulirudi na uzito wa ratili 45, na ziada yote hiyo ni barafu iliyotoka mwilini mwake. Kila asubuhi, mara tu watokapo, walizisokomeza zana zao mdomoni mwa mifuko kabla haijaganda ikawa kama mbao, kusudi jioni wapate japo tundu la kuanzia kuingiza miguu. Kisha wakajisukuma kidogo kidogo, wakiiyeyusha barafu kwa joto la miili ile ile iliyokwisha kuchoka. Turubai lisingewafaa kitu, maana adui yao alitoka ndani.

Baadaye manyoya laini ya bata yalishika nafasi ya ngozi. Mwaka 1922 George Finch alikwenda Everest na koti alilolibuni mwenyewe, la kitambaa cha maputo ya angani lililojazwa malaika ya bata wa baharini. Wenzake walimcheka hapo kwanza, lakini lilimtunza vyema kwenye upepo wa vilele. Manyoya hayo hubana yakawa kidogo mkobani, nayo yafunguliwapo huumuka na kukamata hewa nyingi kwa uzito mdogo ajabu. Hata hivyo yakilowa hushikamana madonge madonge, na kule kuumuka kukatoweka.

Katika kutafuta badala yake, baadhi ya watengenezaji waliigeukia sufi, na hapa mti tuujuao sana ukaingia katika kisa hiki. Msufi huota pwani yetu, na mito na magodoro mengi yamejazwa kwa tunda lake. Uzi wa sufi una uwazi katikati na nje umepakwa nta ya maumbile, kwa hiyo maji hayaupenyi upesi. Kwa sifa hiyo sufi ilijaza mifuko ya kulalia na pia majaketi ya kuokolea mabaharia, hata Wajapani walipoitwaa Java mwaka 1942, Marekani ikakosa chimbuko lake kubwa, na watoto wa shule wakatumwa mashambani kukusanya nyuzi za magugu ziwe badala. Lakini uzi wa sufi ni mfupi na mwepesi kukatika. Mfuko ukikunjwa na kukunjuliwa kila siku, sufi husagika na kujikusanya pembeni.

Ndipo vikaja viwanda. Poliesta ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na John Whinfield na James Dickson, nayo hainywi maji. Katika miaka ya 1980, kwa haja ya jeshi la Marekani, zikabuniwa nyuzi zake nyembamba mno zenye kuiga malaika ya bata. Mfuko wa namna hii, hata ukilowa, hubakiza sehemu ya joto lake, ingawa ni mzito zaidi na huchakaa mapema.

Alhasili, hakuna malighafi iliyoushinda unyevu moja kwa moja, na kila moja yahitaji uangalizi wa mwenyewe. Hukumu hii yatuhusu sisi wenye Kilimanjaro, ambako mpagazi huanza safari yake chini ya mvua ya msituni na baada ya siku chache hulala kwenye jalidi, juu ya mita 4,000. Anayempeleka mgeni mlimani na aufunge mfuko wa mpagazi kwa nailoni kama aufungavyo wa mgeni, auanike jua litokapo, wala asiuweke stoo ukiwa umebanwa au una unyevu. Kwani mfuko mkavu wa bei ndogo humfaa mtu kuliko mfuko wa thamani uliolowa.