Mtama Katika Mkate: Majaribio ya Nyumbani na Historia Yake

Historia ya mkate katika Afrika Mashariki mara nyingi huandikwa kama historia ya reli, walowezi na viwanda vya kusaga unga. Sipingi kwamba vitu hivyo vilikuwa na nguvu. Hata hivyo, mtu akitazama viwanda peke yake, hawaoni watu waliokaa mbele ya moto wakijaribu unga huu na ule mpaka kitu kikalika. Katika insha hii nafuata swali moja tu: je, mtama unaweza kuingia katika mkate unaoumuka? Limeulizwa na serikali na mashirika ya kimataifa kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2022 linaulizwa pia na shangazi yangu huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, ambaye huoka mikate, keki na biskuti nyumbani na kuviuza.

Kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha, tuanze na maneno. "Mkate" ni neno la Kibantu, na maana yake ya zamani ni pana kuliko ile tunayoifikiria tukiwa dukani. Kitu chochote kilichofinyangwa kikawa bonge kiliweza kuitwa mkate. Hata tumbaku iliuzwa kwa mikate. "Hamira" na "tanuri" yametoka Kiarabu. "Keki" imetoka Kiingereza. Halafu kuna mkate wa mofa, ambao nilikutana nao kwanza katika kamusi, wala si mezani: mkate mdogo wa mviringo wa watu wa pwani, uliookwa katika tanuri la udongo, na unga wake ulikuwa wa mtama. Wasomali nao wana mkate wao uitwao muufo. Kwa hiyo anayesema kuoka mtama ni wazo geni asome kamusi kwanza. Kilicho kigeni ni kutaka mtama huo uumuke na kujaa hewa kama boflo la ngano.

Ngano yenyewe ilifikaje kwetu? Kabla ya reli, mizigo iliyokwenda bara ilibebwa vichwani na wapagazi, na unga wa ngano ulikuwa chakula cha wageni wachache. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Miaka michache baadaye Lord Delamere alipanda ngano Njoro, Kenya, na mashamba yake yakaliwa na kutu, ugonjwa wa ukungu unaofanya mashina na majani yawe na madoa ya rangi ya chuma kilichooza. Ilibidi aajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu ili apate aina zinazostahimili. Njoro ikawa, na mpaka leo bado ni, mahali pa utafiti wa ngano.

Hapa historia hii inapita karibu kabisa na kwetu. Mwaka 1998, katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, si mbali na mji wa Kabale, ilionekana kutu ya shina iliyoshinda ngano ambazo zilidhaniwa kuwa na kinga. Ikapewa jina la Ug99, yaani Uganda na mwaka 1999. Mwaka 2005 Norman Borlaug, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970 kwa kazi yake ya ngano, aliuonya ulimwengu kuhusu ugonjwa huo. Ukafika Yemen, kisha Iran. Nilisoma haya nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, na nilishangaa kuona jina la nchi yangu limepewa ugonjwa wa zao ambalo wengi wetu hatulilimi. Ngano nyingi tunayokula Uganda hutoka nje, na sehemu kubwa yake ilikuwa ikitoka Urusi na Ukraine. Vita vilipoanza Februari 2022, bei ya unga ilipanda mpaka katika maduka ya kijijini.

Shangazi alikuwa akinunua unga kwa gunia. Akaanza kununua kwa kilo. Karo ya binamu yangu wa mwisho hutoka katika mikate hiyo, na mteja wa mkate wa asubuhi hakubali kupandishiwa bei mara mbili katika mwezi mmoja. Mtama, kwa upande mwingine, uko kila mahali Kigezi. Ndio tunaotengenezea bushera, kinywaji chetu kilichochachuka kidogo, ambacho hakikosekani kwenye harusi. Ndipo akaanza kuchanganya.

Ili kuelewa ugumu wa alichokifanya, lazima tueleze kinachotokea ndani ya donge la unga. Hamira ni viumbe hai vidogo sana. Vinakula sukari na kutoa hewa. Jambo hilo lilithibitishwa na Louis Pasteur katika miaka ya 1850 na 1860, ingawa waokaji walikuwa wakiitumia hamira maelfu ya miaka kabla yake. Hewa peke yake haitoshi. Lazima kuwe na kitu cha kuizuia isitoke, na katika ngano kitu hicho ni gluteni, utando unaovutika unaotokea unga unapokandwa na maji. Mtama hauna gluteni. Shangazi hajui neno hilo, lakini alivuta donge la mtama kati ya vidole vyake viwili, likakatika, akaniambia, "Huu hauvutiki." Hakuna mhadhara ulionieleza jambo hili kwa ufupi zaidi.

Kuna njia ya kupata hewa bila hamira, nayo pia ilianzia nyumbani. Mwaka 1843, huko Birmingham, Uingereza, mkemia Alfred Bird alitengeneza unga wa kuumulia, ule ambao madukani kwetu huitwa bekin pauda, kwa sababu mkewe hakuweza kula kitu chenye hamira. Bidhaa inayouzwa leo dunia nzima ilianza kama mkate wa mgonjwa mmoja. Vipimo navyo vina historia yao. Mwaka 1896 Fannie Farmer wa Boston alichapisha kitabu cha mapishi kilichosisitiza vikombe na vijiko vya kusawazishwa, badala ya "kiasi cha kutosha". Shangazi hupima kwa kikombe kimoja cha plastiki kilichokatika mkono, naye husawazisha kwa kisu. Kikombe hicho kikipotea, mapishi yake yote yatakuwa yamepotea.

Majaribio makubwa ya kuchanganya unga yalifanywa na wakubwa kabla yake. Mwaka 1964 FAO ilianzisha mpango wa unga mchanganyiko, ili nchi zisizolima ngano ziongeze mihogo, mahindi au mtama katika mikate yao. Mwaka 1987 Nigeria ilienda mbali zaidi ikapiga marufuku uingizaji wa ngano. Ngano iliendelea kuingia kwa magendo, na baada ya miaka michache marufuku ikaondolewa. Wataalamu hutoa sababu nyingi za matokeo hayo. Mimi naona moja inayosahaulika: mipango hiyo ililenga boflo, mkate mgumu kuliko yote kuutengeneza bila gluteni. Ilianza na mtihani wa mwisho.

Shangazi naye alianza na boflo, kwa kuwa ndilo analouza zaidi. Hana oveni. Ana sufuria kubwa yenye mchanga chini, ndani yake sufuria ndogo yenye donge, na juu ya mfuniko makaa ya moto. Nusu mtama na nusu ngano ilimpa kitu kilichomeguka kabla ya kufika kwenye kisu. Theluthi moja ilikuwa afadhali, ila mkate ulikauka jioni ileile. Kisha akafanya jambo ambalo hakulisoma popote: alipika unga wa mtama uwe uji mzito, akauacha upoe, ndipo akaukanda pamoja na unga wa ngano na hamira. Uji ukashika maji. Kwa robo moja ya mtama mkate uliumuka vizuri na kubaki laini mpaka kesho yake. Wateja walisema una rangi ya mkate wa wagonjwa wa kisukari, wakanunua.

Biskuti zilimchukua siku mbili tu. Biskuti haihitaji kuumuka. Inataka kukatika, na mtama unapenda kukatika. Hapo aliweza kutia nusu nzima ya mtama, na walimu wa shule ya jirani sasa huagiza kila Ijumaa. Keki ya ndizi mbivu iko katikati: inakubali theluthi, mradi mayai yasipunguzwe. Yote haya yameandikwa katika daftari la hesabu la mistari miraba, kwa Kikiga kilichochanganyika na Kiingereza, na mengine kwa Kiswahili cha redioni. Nimelinakili kwa ruhusa yake. Mhadhiri mmoja aliniuliza kama daftari la mapishi linaweza kuitwa chanzo cha kihistoria. Lina tarehe, lina bei ya unga pembeni mwa kila jaribio, na linaonyesha vita vya mbali vikiingia katika jiko moja wiki kwa wiki. Sijui tunataka chanzo kiwe na nini zaidi.

Kuna mfano mmoja wa mtama kufanikiwa katika nchi yetu, nao ni wa bia. Mwaka 2002 Nile Breweries ilianza kuuza Eagle Lager, iliyotengenezwa kwa mtama wa aina ya Epuripur. Kulikuwa na mbegu iliyochaguliwa, mnunuzi mkubwa aliyewaahidi wakulima soko, na serikali iliyopunguza ushuru wa bia ya malighafi ya nyumbani. Epuripur ni mtama mweupe. Mtama mwingi wa milima yetu ni mwekundu, una ukakasi unaokausha ulimi. Ukakasi huo unafaa katika bushera lakini unaharibu keki.

Kwa hiyo kila Jumanne shangazi hupita sokoni Kabale kutoka gunia hadi gunia. Huchota punje chache, huzitafuna polepole, hutema, huenda kwa muuzaji mwingine. Akipata usiokakasa hununua wote anaoweza kubeba, kwa sababu wiki ijayo muuzaji yuleyule atakuwa na mtama wa shamba jingine.