Gari la mfano: kutengeneza moja, na kulifanya lidumu

Mwaka 1990, pale Kasarani jijini Nairobi, Kenya ilizindua magari yaliyoitwa Nyayo Pioneer. Yalikuwa matano tu. Miaka minne kabla yake Rais Daniel arap Moi alikuwa amekitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, hata kama litakuwa na sura mbaya au mwendo wa polepole. Wahandisi wakafanya kazi, na gari likaweza kukimbia kilomita 120 kwa saa. Lakini halikuwahi kuingia sokoni.

Magari kama hayo huitwa magari ya mfano. Yanaundwa machache, mengine kwa mkono, ili kuona kama wazo la kwenye karatasi linatembea barabarani. Katika mbio za magari neno hilo lina maana ya ziada: ni gari lililojengwa kwa ajili ya mashindano peke yake, ambalo huwezi kulikuta dukani. Mbio kubwa za magari ya aina hiyo ni za Le Mans, Ufaransa, zilizoanza mwaka 1923. Gari linakimbia saa 24, mchana na usiku, madereva wakipokezana, na mshindi ni aliyekwenda umbali mrefu zaidi. Kwa hiyo wa kasi asiyedumu hana chake.

Kwa kawaida wanaoshinda pale ni makampuni yenye fedha. Ndiyo maana bado tunapenda kusimulia habari za Jean Rondeau, mwenyeji wa mji huohuo wa Le Mans, aliyekuwa na karakana ndogo. Mwaka 1980 alishinda akiendesha gari lenye jina lake mwenyewe, akisaidiana na Jean-Pierre Jaussaud. Hakuna dereva mwingine aliyewahi kushinda mbio hizo kwa gari lenye jina lake. Mvua ilinyesha sana. Porsche ya Jacky Ickx na Reinhold Joest ilikuwa na nguvu, ila ilikatika mkanda, kisha ikasumbuliwa na gia, ikamaliza ya pili. Gari jingine la Rondeau likashika nafasi ya tatu.

Sisi tunaona siri yake moja: Rondeau hakutaka kutengeneza kila kitu. Injini aliinunua, Ford Cosworth, iliyokuwa imeshatumika mashindanoni tangu 1967. Yeye akajenga fremu na bodi, akatumia akili yake pale alipoweza kuwashinda wakubwa. Hata hivyo, kampuni yake haikudumu, naye akafariki mwaka 1985, gari lake lilipogongwa na treni.

Huku kwetu mtihani wa namna hiyo ulikuwa Safari Rally, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tofauti ni kwamba Safari ilikuwa ya magari yanayouzwa madukani. Anayeijua barabara ya Pangani kupita Mwera wakati wa masika haitaji maelezo marefu: tope, makorongo, na mto unaojaa ukiwa ng'ambo. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza saba. Ya kwanza ilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff, ile ile Pijo ambayo wazee wengi wa huku wanaikumbuka. Mnunuzi alipoona gari limetoka salama kwenye tope lile, hakuhitaji tangazo jingine.

Nyayo Pioneer haikupata mtihani kama huo mbele ya wanunuzi. Wapo wanaoicheka, sisi hatuwacheki wale wahandisi. Kuunda magari matano si mzaha. Kilichokwama ni hatua iliyofuata: fedha za kiwanda, mashine za kutoa kipuri kilekile mara elfu, na mafundi wa kukifunga mikoani.

Uganda imejaribu kwa njia nyingine. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha Kiira EV, gari la umeme la watu wawili. Waliolianzisha hawakung'ang'ania gari dogo. Wakahamia kwenye mabasi ya umeme, wakashirikiana na kampuni ya China, na kiwanda kikajengwa Jinja. Na lile shirika la Kenya lililoundwa ili kutengeneza Nyayo Pioneer kwa wingi likabadilishwa jina, likawa Numerical Machining Complex. Kazi yake ikawa kutengeneza vipuri vya mashine.