Kupungua kwa ripoti si kupungua kwa uhalifu: Jinsi ya kupima utendakazi wa polisi Nairobi

KILA mara wakuu wa polisi wanapotangaza kwamba visa vya uhalifu vimepungua jijini Nairobi, wakazi wengi hujiuliza: vimepungua wapi? Mchuuzi wa Kawangware aliyenyang'anywa mauzo ya siku nzima na karani aliyepigwa ngeta akielekea kituo cha matatu katikati mwa jiji huona kana kwamba takwimu hizo ni za mji mwingine. Wakuu nao hushikilia kwamba hesabu haidanganyi, kwa kuwa imetoka vituoni.

Huenda pande zote mbili zinasema kweli. Kinachohesabiwa vituoni si uhalifu uliotendeka, bali uhalifu ulioripotiwa na kuandikwa. Tofauti ya mambo haya mawili ndiyo kiini cha mjadala kuhusu namna ya kupima kazi ya polisi, na ndiyo inayoamua iwapo mwananchi atasikilizwa au atafukuzwa anapofika kituoni kupiga ripoti.

Asili ya malengo

Mfumo wa mikataba ya utendakazi katika utumishi wa umma ulianza nchini mwaka wa 2004 chini ya serikali ya Rais Mwai Kibaki. Mashirika 16 ya serikali ndiyo yaliyotangulia kutia sahihi, kisha wizara zikaingizwa mwaka uliofuata. Chini ya mikataba hiyo, kila idara huahidi matokeo yanayoweza kuhesabiwa na kukaguliwa mwishoni mwa mwaka wa fedha. Mnamo 2007 mfumo huo uliiletea Kenya tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma.

Kwa idara nyingi, kazi ya kuhesabu ni nyepesi. Kampuni ya maji huhesabu nyumba zilizounganishiwa mabomba, na mamlaka ya barabara huhesabu kilomita zilizowekwa lami. Kwa polisi mambo ni magumu zaidi, kwa sababu matunda ya kazi yao ni jambo lisilotokea: nyumba isiyovunjwa na mtu asiyeporwa. Kwa kukosa njia ya kuhesabu kisichotokea, wakuu huhesabu kilichoandikwa katika Kitabu cha Matukio, maarufu kama OB, na kutaka idadi hiyo ishuke.

Hapo ndipo kasoro huingia. Afisa wa zamu anayepokea ripoti ndiye pia anayeandaa alama ambazo mkuu wake atapimwa nazo. Kila ripoti anayoiandika humshusha mkubwa wake, na kila mlalamishi anayerudishwa nyumbani humpandisha.

Takwimu zinavyosema, na zisivyosema

Kulingana na takwimu za polisi, makosa yaliyoripotiwa kote nchini yalikuwa 83,841 mwaka wa 2004. Yalishuka hadi 75,400 mwaka wa 2005, kisha 72,225 mwaka wa 2006, na hatimaye 63,028 mwaka wa 2007. Huo ni upungufu wa takriban robo katika miaka mitatu, na kwa mizani ya mikataba ni ushindi mkubwa.

Mwaka uliofuata unazua maswali. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki kuchunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ilibaini kwamba watu 1,133 waliuawa. Nyumba ziliteketezwa, maduka yakaporwa na mamia ya maelfu ya watu wakahama makwao, wengi wao katika miezi miwili ya kwanza ya 2008. Hata hivyo, jumla ya makosa yaliyoandikwa na polisi mwaka huo ilikuwa 63,476, yaani ongezeko la makosa 448 pekee. Mtu anayetegemea jumla hiyo peke yake angedhani kwamba 2008 ulikuwa mwaka wa kawaida.

Mfano wa pili ni wa hivi karibuni. Makosa yaliyoripotiwa mwaka wa 2019 yalikuwa 93,411, na mwaka wa 2020 yakashuka hadi 69,645. Hapa tena ni upungufu wa takriban robo, lakini safari hii katika mwaka mmoja tu. Hakuna aliyehitaji kutafuta siri ya mafanikio hayo mbali. Kafyu ya kukabiliana na janga la Covid-19 ilianza Machi 27, 2020, baa zikafungwa na watu wakabaki majumbani. Vizuizi vilipolegezwa, idadi ilipanda tena, ikafikia 104,842 mwaka wa 2023. Iwapo mkuu wa kituo angetuzwa kwa hesabu za 2020 na kuadhibiwa kwa zile za 2023, angekuwa ametuzwa na kuadhibiwa kwa mambo yasiyo mikononi mwake.

Ukubwa wa pengo kati ya uhalifu na ripoti ulidhihirika mapema. Utafiti uliofanywa jijini Nairobi mwaka wa 2001 chini ya mpango wa miji salama wa UN-Habitat haukuanzia vituoni, bali uliwahoji wakazi wenyewe. Asilimia 37 ya waliohojiwa walisema walikuwa wameporwa angalau mara moja katika mwaka uliotangulia, asilimia 22 walikuwa wameibiwa na asilimia 18 walikuwa wameshambuliwa. Sensa ya 1999 ilikuwa imehesabu wakazi 2,143,254 jijini. Hata tukikadiria kwamba watu wazima walikuwa milioni moja tu, asilimia 37 ni watu 370,000. Polisi waliandika makosa 75,352 ya kila aina katika taifa zima mwaka huo wa 2001.

Utafiti wa aina hiyo una udhaifu wake, kwa kuwa watu husahau tarehe na baadhi hutaja visa vya miaka ya nyuma. Lakini hata tukipunguza idadi hiyo kwa nusu, bado inaonekana kwamba uhalifu mwingi wa Nairobi haukufika katika daftari lolote la polisi.

Lavington si Kawangware

Ugumu wa kuweka malengo ya mtaa kwa mtaa huonekana vyema magharibi mwa jiji. Huko mitaa ya matajiri na ya maskini imetenganishwa na barabara au mto tu: Lavington na Kawangware, Loresho na Kangemi.

Mkazi wa Lavington ana ua, kingʼora na walinzi wa kampuni binafsi. Mwizi akiingia, simu ya kwanza huenda kwa kampuni hiyo. Polisi hupigiwa baadaye, mara nyingi kwa sababu kampuni ya bima haitalipa fidia bila stakabadhi ya polisi. Mkazi wa Kawangware hana bima. Akivunjiwa chumba chake, hupiga kamsa majirani wakaja. Kwenda kituoni kwake ni kupoteza kibarua cha siku, pengine na nauli juu yake, kwa ajili ya televisheni asiyotarajia kuiona tena. Kwa hivyo mtaa wenye ripoti nyingi huenda ukawa ndio wenye bima nyingi, na mtaa ulio kimya ukawa ndio uliokata tamaa.

Hali huwa nyeti zaidi kuhusu dhuluma za kijinsia. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake nchini wamewahi kupigwa au kudhulumiwa kimwili tangu wakiwa na umri wa miaka 15. Kituo cha Kilimani kilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza nchini kuanzisha dawati la jinsia, katika miaka ya 2000, ili waathiriwa wasikilizwe faraghani. Dawati kama hilo likifanya kazi ipasavyo, ripoti za ubakaji na kupigwa majumbani huongezeka, kwa kuwa waliokuwa wakinyamaza wamepata pa kusemea. Chini ya lengo la kupunguza idadi, ongezeko hilo huhesabiwa kuwa kushindwa. Afisa aliyefanya kazi njema huonekana mbaya, na yule aliyemwambia mama arudi nyumbani akayamalize na mumewe huonekana hodari.

Katikati mwa jiji kuna tatizo la namna nyingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 210,423 katika kaunti ndogo ya Starehe, ambamo kitovu cha jiji kimo. Lakini sensa huhesabu watu pale walipolala. Mchana, River Road, Tom Mboya na Moi Avenue hujaa watu waliotoka Dagoretti, Kasarani, Kiambu na kwingineko. Ukigawanya uporaji wa mchana kwa idadi ya wanaolala hapo, eneo hilo litaonekana la kutisha kupita kiasi. Zaidi ya hayo, msako mkali katika barabara chache huweza kuwasukuma wezi hadi eneo la kituo jirani. Kituo kimoja kitasherehekea na kingine kitalaumiwa, ilhali mkazi wa jiji hajapata nafuu yoyote.

Yaliyowapata wengine

Nairobi si mji wa kwanza kukumbana na jambo hili. Mwaka wa 1994 polisi wa New York walianzisha mfumo wa CompStat, ambapo wakuu wa vituo huitwa kueleza takwimu za maeneo yao mbele ya wakubwa wao. Mfumo huo ulisifiwa na kuigwa kote duniani. Lakini mwaka wa 2010 zilichapishwa kanda ambazo afisa mmoja wa Brooklyn alikuwa amezirekodi kwa siri, na uchunguzi wa ndani ukathibitisha kwamba katika kituo chake baadhi ya makosa makubwa yalipunguzwa uzito au hayakuandikwa kabisa. Nchini Afrika Kusini, lengo la serikali la kupunguza makosa ya kutumia nguvu kwa asilimia 7 hadi 10 kila mwaka lilifuatwa na malalamishi kwamba vituo vilikuwa vikificha kesi.

Uingereza ilifutilia mbali malengo ya kitaifa ya polisi mwaka wa 2010. Januari 2014 takwimu za uhalifu zilizoandikwa na polisi wa Uingereza na Wales zilivuliwa hadhi ya kuwa takwimu rasmi za kitaifa kwa kutoaminika. Mwishoni mwa mwaka huo, wakaguzi walikadiria kwamba asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa hayakuwa yakiandikwa. Nchi hiyo ilikuwa na kinga moja: utafiti wa kila mwaka unaowahoji wananchi majumbani mwao. Waliweza kuona kwamba daftari limepotoka kwa sababu walikuwa na kipimo cha pili cha kulinganisha.

Vipimo vinavyofaa

Haya hayamaanishi kwamba polisi wasipimwe. Kutopimwa ni hatari zaidi. Linalohitajika ni kutotegemea idadi moja, na hasa kutoiacha idadi hiyo mikononi mwa anayepimwa.

Kipimo cha kwanza ni kuwauliza wakazi wenyewe, mtaa kwa mtaa na mwaka baada ya mwaka, kupitia taasisi isiyo chini ya polisi. Maswali ni mepesi: je, uliibiwa au kushambuliwa mwaka huu? Uliripoti? Kama hukuripoti, kwa nini? Majibu yakilinganishwa na OB, hujulikana iwapo kituo kinashinda wezi au kinashinda walalamishi. Kituo ambacho uhalifu halisi umepungua huku sehemu ya wanaoripoti ikiongezeka ndicho kinachostahili tuzo.

Kipimo cha pili ni yale yaliyo ndani ya uwezo wa polisi: muda wa kufika wanapoitwa, idadi ya kesi zilizochunguzwa hadi kufikishwa kortini, na kama kila mlalamishi alipewa nambari ya OB. Kipimo cha tatu ni jinsi kituo kinavyowatendea wale walio mikononi mwake. Juni 2025 mwalimu aliyejulikana kwa maandishi yake mitandaoni alifariki akiwa kizuizini katika Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi. Polisi walisema alijigonga ukutani, lakini upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha yasiyoafikiana na maelezo hayo. Watu kadhaa, wakiwemo maafisa wa kituo hicho, walishtakiwa kwa mauaji. Hakuna asilimia yoyote ya kupungua kwa wizi katika barabara za jiji inayoweza kufidia tukio kama hilo. Mamlaka huru ya IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ndiyo yenye jukumu la kuchunguza vifo vinavyohusishwa na polisi. Takwimu zake za kila kituo zafaa kuwekwa kando ya takwimu za uhalifu, si katika ripoti nyingine isiyosomwa na wanaotoa tuzo.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Kituo kinachoficha uhalifu hupanda cheo kwa mwaka mmoja, lakini hunyimwa maafisa, magari na mafuta kwa kuwa karatasi zake zinasema mtaa ni salama. Wanaolipa gharama hiyo si walioandika karatasi. Ni wakazi watakaopita gizani jioni, katika kichochoro ambacho OB haijawahi kukitaja.

Kwa sasa mkazi ana silaha ndogo lakini yenye maana. Anapopiga ripoti, ahakikishe imeandikwa mbele yake na adai nambari ya OB kabla ya kuondoka. Akiwa amejeruhiwa, aombe fomu ya P3, ambayo haitozwi ada kituoni. Akikataliwa, apeleke malalamishi IPOA. Ripoti moja iliyoandikwa huenda isimrudishie simu yake, lakini itamzuia mtu mwingine kutangaza kwamba haikuibwa.