Kuongeza kasi ya prosesa: Je, faida inashinda hasara?

Kila prosesa hutoka kiwandani ikiwa imewekewa kasi maalumu, inayopimwa kwa megahezi au gigahezi. Baadhi ya watumiaji hawaridhiki na kiwango hicho, hivyo hukipandisha kupitia BIOS, yaani programu ya msingi inayotangulia mashine inapowashwa. Swali ni iwapo hatua hiyo inafaa kwenye tarakilishi ya mezani ya kazi nzito, kama vile ya mhandisi au mtayarishaji wa filamu.

Jambo hili huwezekana kwa sababu prosesa za aina moja hazifanani kabisa, na kiwanda huchagua kasi ambayo zote zitaimudu. Mfano uliovuma ni Celeron 300A, iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka wa 1998. Iliuzwa kwa kasi ya megahezi 300, lakini nyingi zilifikia 450 baada ya njia ya mawasiliano ya ubao mkuu kupandishwa kutoka megahezi 66 hadi 100.

Hata hivyo, akiba hiyo imepungua. Tangu 2008, Intel imekuwa ikitoa prosesa zenye Turbo Boost, ambazo hujiongezea kasi zenyewe pindi joto na umeme vinaporuhusu. Aidha, prosesa nyingi za Xeon, zilizoundwa kwa kazi nzito, zimefungwa ili kasi yake isibadilishwe.

Gharama nayo si haba. Umeme unaotumiwa huongezeka sambamba na kasi, na kwa mraba wa volteji. Anayepandisha vyote viwili kwa asilimia 10 huifanya prosesa itumie takriban asilimia 33 zaidi, na umeme huo wote hugeuka joto. Ilhali kazi ya dakika 60 inayotegemea prosesa pekee itapungua kwa dakika tano na nusu hivi. Ikiwa nusu ya muda huo ni wa kusubiri diski, zitakazookolewa hazifiki dakika tatu.

Hatari kubwa zaidi ni makosa ya kimyakimya. Prosesa iliyosukumwa kupita kiasi si lazima izime. Yaweza kutoa jibu lisilo sahihi, na hesabu ya uzito wa boriti ikahifadhiwa na kosa lake. Programu ya Prime95 husaidia kupima uthabiti kwa saa nyingi, ila kufaulu jaribio hilo si hakikisho kwa kila kazi. Isitoshe, waranti aghalabu haifidii uharibifu unaotokana na hatua hii.

Kwa mashine ya michezo, ambapo hitilafu humlazimu mtu kuanza mchezo upya tu, jaribio hili lina nafasi yake. Kwa tarakilishi ambayo hesabu zake zitategemewa na watu wengine, ni heri fedha hizo zinunue memori zaidi au diski ya SSD, na vumbi liondolewe kwenye feni ili prosesa ijiongezee kasi yenyewe bila kupata joto kupindukia.